Kitenzi “get”: kilikotoka, maana zake, na namna ya kukifasiri bila kung'ang'ania “pata”

Muulize mwanafunzi yeyote “get” maana yake nini, naye atajibu bila kufikiri: pata. Hajakosea, ila jibu lake litamfikisha karibu tu. Aliye “got wet” hakupata chochote, amelowa. Aliyesema “I've got to go” hana alichopata wala anachotafuta, bali anaaga. Kitenzi hiki ni kama mpini: peke yake haulimi. Ukitaka kujua kazi yake, tazama kilichochomekwa mbele yake, iwe jembe, shoka au nyundo. Mwongozo huu unaanzia kwenye asili ya neno, kwa sababu asili ndiyo inayoeleza jinsi maana hizo zote zilivyotoka shina moja. Baada ya hapo unaonyesha jinsi ya kuisoma sentensi na kuifasiri.

Hatua ya kwanza: maumbo na matamshi

Andika maumbo yake matano kwenye daftari: get, gets, getting, got, gotten. “Getting” ina t mbili, na “geting” ni kosa linalojirudia sana kwenye insha. “Got” ni wakati uliopita. Uingereza huitumia pia baada ya “have”, ilhali Wamarekani hapo mara nyingi huweka “gotten”. Tutalirudia hilo.

Katika matamshi, g ni ya “gari”, na neno linakatikia kwenye t bila irabu nyuma yake. Ukiongeza i ya Kiswahili unapata “geti”, na msikilizaji anaweza kudhani unazungumzia lango. Lango lenyewe, “gate”, lina irabu inayoteleza, kama e inayoishia kwenye i, wakati e ya “get” ni fupi na kavu. Wamarekani huilegeza t inapokaa kati ya irabu mbili, hivyo “get it” husikika kama “gedi” yenye t hafifu mwishoni. Wengi huikosa kwenye filamu kwa sababu hiyo, hata kama neno wanalijua tangu darasa la tatu.

Hatua ya pili: fuata asili yake

Ukifungua kamusi yenye historia ya maneno utakutana na vifupisho. OE ni Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi karibu mwaka 1100. ME ni Kiingereza cha Kati, kilichofuata hadi karibu 1500. ON ni Kinorsi cha Kale, lugha ya Waviking, mabaharia wa Skandinavia, kaskazini mwa Ulaya. Nyota mbele ya neno ina maana kwamba neno hilo halikukutwa limeandikwa popote: wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha ndugu. Wenye kuruka alama hiyo hujikuta wakinukuu neno lenye nyota kana kwamba lipo kwenye hati fulani.

“Get” ina alama ya ON. Waviking waliishambulia Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mwaka 793. Katika karne iliyofuata wengi wao walihamia na kulima, wakaoana na wenyeji. Sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ilikaa chini ya sheria zao, ikaitwa Danelaw. Lugha mbili zilizokuwa ndugu tangu mwanzo zikachanganyika sokoni na nyumbani, na Kiingereza kikaondoka na maneno ambayo leo hakuna anayeyaona kuwa ya mgeni: take, they, egg, sky, knife, window. Kitenzi “geta” kilikuja kwa njia hiyo, na kuanzia karibu mwaka 1200 tunakikuta kwenye maandishi ya Kiingereza.

Ushahidi ni upi kwamba si neno la wenyeji? Ni ile g. Katika Kiingereza cha Kale, g iliyotangulia irabu za mbele kama e na i ilikwisha kulainika ikawa y. Ndiyo maana Wajerumani wanasema “gelb” na “gestern” ambapo Waingereza wanasema “yellow” na “yesterday”. Wenyeji walikuwa na shina lilelile, lakini kwenye maneno ya kuunganisha tu, kama “begietan”, kupata, na “forgietan”, kusahau. Kama shina hilo lingeachwa lifuate mkondo wake, leo tungesoma “yet” na “foryet”. Si dhana tupu: maandishi ya karne ya 14 bado yana “foryete” kwa maana ya kusahau. G ngumu ya Waviking ndiyo iliyoshinda, na ikaiambukiza “forget”. Neno hilo, kwa undani wake, ni kuachia kile ulichokuwa umekishika.

Rudi nyuma zaidi, kwenye maneno yenye nyota, utakuta shina *ghend- lenye maana ya kushika au kunyakua kwa mkono. Kilatini kilijenga “prehendere” juu ya shina hilo, na kwa njia ya Kifaransa na Kilatini Kiingereza kikapata “apprehend”, kukamata, “comprehend”, kuelewa, hata “prison”, gereza. Kwa hiyo mtu anaposema “I get it” kwa maana ya kuelewa, anarudia wazo lililokwisha kuwamo kwenye “comprehend”: akili inashika kama mkono. Nasi tuna njia hiyohiyo. Mwanafunzi “ameshika somo”, na kijana akimaliza maelezo yake huuliza “umenipata?”. Hata “pata” yetu wanaisimu huirudisha kwenye shina la Kibantu *-pát-, kushika, na katika Kizulu “phatha” bado ni kushika au kubeba. Vitenzi viwili visivyo na undugu wowote vilianzia kwenye kiganja na vikaenda mbali kila kimoja kwa njia yake.

“Geta” ya Waviking ilikuwa na maana ya kupata, ya kuzaa, ambayo imebaki kwenye “beget”, na ya kubahatisha. Huko Iceland hadi leo kitenzi hicho hicho kina maana ya kuweza, na “ég get” ni “naweza”. Usishangae, sisi pia husema “hakupata kuja” kwa mtu ambaye hakuweza kuja.

Maana za baadaye zilifuatana kwa mpangilio unaoeleweka. Kwanza mtu hupata kitu. Halafu hupata mahali, yaani hufika. Mwishoni mwa karne ya 16 akaanza kufika kwenye hali: “get clear of debts”, kuwa huru na madeni. Karne ya 17 tendo lenyewe likaanza kumfika: “get beaten”, kupigwa. Kupata, kufika, kuwa, kufikwa: ukiukumbuka mnyororo huo, nusu ya maana za kamusi hutahitaji kuzikariri.

Tahadhari moja: kamusi za kihistoria hupanga maana kwa umri, ya zamani kwanza, ilhali zile za wanafunzi hupanga kwa wingi wa matumizi. Usichukue maana namba moja ya kamusi ya kihistoria ukaipachika kwenye sentensi ya leo.

Hatua ya tatu: soma kinachofuata

Hapa ndipo kazi ilipo. Weka kidole kwenye “get”, kisha ujiulize neno linalofuata ni la aina gani.

*Likifuata jina*, tazama ni jina la nini. Kitu kinachokuja kwako ni kupata au kupokea: “She got a letter”, alipokea barua. Kitu au mtu aliye mbali ni kufuata au kuita: “Get the doctor”, kamwite daktari. Wazo au utani ni kuelewa. Yakifuatana majina mawili, kauli ya kutendea inatosha: “Get me some water” ni niletee maji, na “pata” haihitajiki. Kuna mafungu machache ya kujifunza yalivyo. “I'll get the door” ni mimi nitafungua, “I'll get the bill” ni mimi nitalipa, na “I'll get you for this” ni utanikoma.

*Kikifuata kivumishi*, kuna badiliko la hali, na Kiswahili mara nyingi kina kitenzi kimoja kilichokwisha kubeba kila kitu. Get wet ni lowa. Get old ni zeeka, get drunk ni lewa, get angry ni kasirika, get lost ni potea, get used to ni zoea. Mfasiri anayeandika “alipata hasira” kila mahali anasomeka, ila anaonyesha kuwa anatazama Kiingereza badala ya kutazama jambo lenyewe. “Get better” ya mgonjwa, lakini, ni pata nafuu, kwa hiyo kanuni isikutawale kupita kiasi.

Kugeuza kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndiko kunakowaangusha wengi, na kosa liko kwenye njeo. Vitenzi hivi vya hali vina tabia moja: -me- huonyesha hali iliyopo sasa, -na- badiliko linaloendelea, -li- badiliko lililokwisha. Kwa Kiingereza, -me- hiyo hudai “be”, wala si “get” wala “have”. Amelewa ni “he is drunk”. Analewa ni “he is getting drunk”. Alilewa, tukisimulia kisa, ni “he got drunk”. Ukiandika “I have tired” au “I have got tired” kwa nimechoka, msomaji ataelewa lakini ataguna. Andika “I am tired”. Fanya zoezi hili kwa vitenzi kumi, choka, lowa, potea, zoea na vinginevyo, kila kimoja kwa njeo zote tatu, na kosa litakwisha.

*Pakifuata mahali*, ni kufika. Mji au jengo hutanguliwa na “to”: “get to Mombasa”. “Home”, “here” na “there” hazitaki “to”, na “get to home” ni kosa.

*Kikifuata kitenzi cha umbo la tatu*, kama “hit”, “paid” au “stolen”, ni kauli ya kutendwa: “He got hit by a car”, aligongwa na gari. Tofauti yake na “was hit” ni ya ladha. “Got” husikika zaidi kwenye mazungumzo, na hupenda jambo la ghafla, la bahati mbaya au la neema: kupigwa, kufukuzwa, kukamatwa, kupandishwa cheo. Haikai vizuri na vitenzi vya kujua, kupenda au kumiliki. “The answer got known” husikika kilema. Kwenye ripoti au barua ya kiofisi tumia “was”.

Ndoa inahitaji aya yake. “He got married” ni alioa, “she got married” ni aliolewa, “they got married” ni walioana. Kiingereza hakijali nani alioa na nani aliolewa; mfasiri ndiye anayetakiwa kujua jinsia ya mhusika kabla ya kuandika. Ukirudi upande wa pili, mtego ni “na”. “Aliolewa na Juma” si “she was married by Juma”, kwa sababu aliye “by” ni yule aliyefungisha ndoa, padri au kadhi. Si “married with Juma” pia. Ni “she got married to Juma”.

*Likifuata jina, kisha kitenzi*, kuna mwingine anayetenda. Kitenzi kikija na “to”, mtu ameshawishiwa au amesukumwa: “I got him to sign”, nilimfanya asaini. Hiyo “to” haiachwi, ingawa baada ya “make” huachwa. Kitenzi kikija kwa umbo la tatu, kazi imefanyiwa kitu: “I got the car fixed”, nilitengenezesha gari. Lakini umbo hilo hilo hubeba pia maafa: “I got my phone stolen”, niliibiwa simu. Muktadha ndio unaoamua. Hakuna anayempa mtu kazi ya kumwibia simu.

Hapo hapo kuna kosa maarufu kuliko yote katika Kiingereza cha Afrika Mashariki: “I was stolen my phone”. Kauli yetu ya kutendewa humfanya aliyeibiwa kuwa mtenda wa kisarufi, na simu ikabaki pembeni. Kiingereza hakina umbo hilo kwa “steal”. Kinachoibwa ndicho kinachokuwa “stolen”. “I was stolen” maana yake nilichukuliwa mimi mwenyewe. Chagua moja kati ya “my phone was stolen”, “I had my phone stolen” na “I got my phone stolen”. La kwanza ndilo salama polisi, maana la tatu lina harufu ya uzembe wa mwenye simu.

*Ikifuata “to” na kitenzi*, lugha hizi mbili zinakutana kabisa: “we got to see the president” ni tulipata kumwona rais. Zinaachana kwenye ukanushi wa maisha yote. “Sijapata kumwona” kwa maana ya tangu nizaliwe ni “I have never seen him”, wala “get” haihitajiki.

Hatua ya nne: “have got” na “gotten”

“I've got” kwa sura ni “nimepata”, kwa maana ni “nina”. “I've got a meeting tomorrow” ni nina mkutano kesho. Waingereza walianza kuitumia hivyo karne ya 16, kwa hoja rahisi kwamba aliyekwisha kupata anacho. Karne ya 19 ikaongezeka “have got to”, inanibidi. Kwenye mazungumzo “have” humezwa, ikabaki “I got to go”, ambayo kwa maandishi ingeweza kusomeka kama “nilipata kwenda”. Kinachofuata ndicho hutegua kitendawili.

“Gotten” wengi hufundishwa kuwa ni uharibifu wa Wamarekani. Si kweli. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina “gotten” kwenye Mwanzo 4:1, Hawa anapomzaa Kaini, na Biblia ya Kiswahili hapo ina “nimepata”. Waingereza ndio walioliacha neno hilo baadaye. Wamarekani walibaki nalo. Hata Uingereza limesalia kwenye “forgotten” na “ill-gotten”, mali ya dhuluma. Marekani limegawana kazi na “got”: “I've got a car” ni ninalo gari, na “I've gotten a car” ni nimepata gari. Kwenye mitihani yetu, inayofuata zaidi desturi ya Uingereza, andika “got”, lakini usimsahihishe Mmarekani.

Hatua ya tano: vijineno vinavyoandamana nacho

Hivi ni vingi, navyo hujifunzwa vichache vichache, vitano kwa wiki vikitosha. Anza na vya safari, kwa sababu vina kanuni. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au kukikalia juu, ni “get on” na “get off”: basi, treni, meli, ndege, bodaboda. Kile unachoinama kuingia na kukaa moja kwa moja ni “get in” na “get out of”: teksi, bajaji. Hiace ya abiria imekaa katikati, na utasikia zote mbili.

Kisha vya watu na maisha: get up ni kuamka au kuinuka, get along ni kuelewana, get by ni kujikimu, get rid of ni kuondoa, get away with ni kufanya kosa usiadhibiwe, get back to someone ni kumjibu mtu baadaye. “I couldn't get through” ya simu ni sikukupata hewani, na hapo “pata” imerudi yenyewe.

Zingatia nafasi ya kiwakilishi. Huzuni au ugonjwa ni “get over it”, na “it” inakaa mwisho. Ukisema “get it over with” umesema jambo lingine: limalize tuachane nalo. Lakini ujumbe ni “get it across”, na “it” iko katikati. Kila unapoandika kijineno kipya daftarini, kiandike ndani ya sentensi yenye “it”, la sivyo siku ya kukitumia utabahatisha.

Hatua ya sita: “pata” isiyo “get”

Nilipata ajali: “I had an accident”, wala si “I got an accident”. Amepata mtoto: “she has had a baby”, lakini alipata mimba ni “she got pregnant”. Nilipata shida kuelewa: “I had trouble understanding”. Nilipata usingizi saa nane: “I fell asleep at two”, na saa nayo uigeuze. Kisu kinapata: “the knife is sharp”. Mtu wa miaka ipatayo hamsini ni “about fifty”. Kwa matukio yanayomfika mtu bila kuyatafuta, “have” ndiyo ya kujaribu kwanza.

Kwenye barua ya kuomba kazi, punguza “get”: tumia “receive” kwa barua, “obtain” kwa cheti au kibali, “become” kwa hali. Ila usiipeleke “obtain” jikoni. Anayesema “I obtained a cold” anachekesha zaidi kuliko anayeumwa mafua.

Sasa jaribu sentensi hii yenye “get” sita: “By the time we got to the office it was getting dark, my shoes had got wet and we never got to see the clerk, so I've got to go back tomorrow and get the form stamped.” Ya kwanza ni mahali, ya pili na ya tatu ni hali, ya nne ni “to” na kitenzi, ya tano ni lazima, ya sita ni kitu kufanyiwa kazi. Kwa Kiswahili: “Tulipofika ofisini giza lilikuwa linaingia, viatu vyangu vimelowa, na hatukupata kumwona karani; kwa hiyo inanibidi nirudi kesho fomu ikagongwe muhuri.” Kati ya zile sita, iliyobaki “pata” ni moja.